Betri "mpya" imekufa ndani ya miezi 11, muuzaji ananiambia ni joto la Dodoma

Wakuu salaam. Nina hasira, kwa hiyo mnisamehe nikirukaruka.

Agosti mwaka jana nilinunua betri ya gari, saizi ya NS60, hizi zisizoongezwa maji, kwenye duka moja la spea hapa mjini. Jina silitaji, sitaki kesi juu ya hasara. Shilingi 190,000, na ile ya zamani wakaibakiza kama skrepa wakanipunguzia 15,000. Maneno ya muuzaji ninayo kichwani mpaka leo: "Kaka, hii ukifunga umesahau, miaka mitano hufungui boneti." Kadi ya waranti imeandikwa miezi 12.

Jumatatu iliyopita alfajiri nageuza ufunguo, tik tik tik, kimya. Mnaoishi Dodoma mnaijua baridi ya Julai. IST yangu ni otomatiki, kwa hiyo hata vijana wa bodaboda hawana msaada, haisukumwi ikawaka. Mama mmoja jirani mwenye Noah, Mungu ambariki, akatoa waya tukabusti. Kikao Mtumba kilikuwa saa mbili, nimeingia saa tatu kasoro watu wananitazama kama nimetoka kulala.

Sikwenda dukani moja kwa moja. Nilijua wimbo utakaoimbwa ni "kapime alteneta", yaani ile mashine ya injini inayochaji betri. Kesho yake asubuhi nikamleta fundi umeme nyumbani kabla sijaliwasha, akaweka mita. Gari limelala usiku kucha: volti 11.9. Betri nzima iliyojaa, ikitulia, inasoma 12.6 au zaidi kidogo. Kupiga stata ikaporomoka mpaka 8.4, wakati haitakiwi kushuka chini ya 9.6 hivi. Tukabusti, injini ikawaka, tukasoma 14.2, yaani alteneta inachaji vizuri kabisa. Akapima na umeme unaovuja kila kitu kikiwa kimezimwa: miliampea 30, za saa na alamu tu. Sina mziki mkubwa, sina taa za urembo. Tamino, yaani vichwa vya betri vinapofungwa waya, safi. Akaniambia, "Mzee, gari halina kosa. Betri ndiyo imechoka."

Nikaifungua, nikaibeba mpaka dukani na risiti yangu na kadi yangu.

Kwanza ikawa alteneta. Nikatoa vipimo. Ikawa fundi wangu kaiua kwa kuifunga vibaya, wakati aliyeifunga ni kijana wao, hapo hapo mbele ya duka lao. Ikawa waranti ni miezi 6 kwa gari la biashara. Biashara gani jamani, namba yangu ni ya njano, ya gari binafsi! Mwisho bosi mwenyewe akatoka, akashusha miwani: "Kaka, tatizo ni joto la Dodoma. Huku betri hazidumu."

Hapo ndipo nilipochemka.

Ni kweli joto linaua betri. Linakula pleti za risasi zilizomo ndani, linakausha maji, na ndiyo maana kwenye nchi za joto betri inayotarajiwa miaka 5 inaweza kuishia mitatu. Hilo sibishi. Lakini mitatu, siyo miezi 11! Na joto la Dodoma lina nini cha ajabu? Dar ni joto usiku na mchana, sisi huku usiku wa kipupwe tunalala na blanketi mbili. Halafu ile betri waliyoichukua kama skrepa niliinunua nikiwa kazini Manyoni, ikanipeleka miaka minne na ushee. Jua la Manyoni na hili la hapa ni ndugu. Kuhusu safari fupi zisizojaza chaji msinianze, kila siku natoka Nkuhungu mpaka Mtumba na kurudi.

Wakati bosi anaongea nikageuka nikatazama barazani. Betri zimepangwa kama matofali, jua la saa saba linazipiga usoni, nyingine vumbi limeganda mpaka jina halisomeki. Wakuu, betri ya risasi na asidi haisubiri uifunge ndiyo ianze kuzeeka. Ikishatiwa asidi inajimaliza chaji yenyewe polepole, na kwenye joto inajimaliza haraka zaidi. Ikikaa miezi bila kuchajiwa, salfeti, yaani ule utando wa chumvi ya risasi, inajenga ugumu kwenye pleti, na hapo hata uichaji wiki nzima nguvu yake hairudi yote. Kwa hiyo joto ni kweli lipo, ila ni la baraza lako, bosi, siyo la boneti yangu!

Betri nyingi zina alama ya tarehe ya kutengenezwa, imegongwa juu ya kifuniko au karibu na tamino, kila kiwanda na mtindo wake. Ya kwangu pale kwenye alama pamesuguliwa kwa kitu kama msasa. Nilipomwonyesha akasema ni mikwaruzo ya safari. Safari ipi inayokwaruza namba peke yake?

Sikuangalia siku nanunua, mnitukane tu, nakubali. Wala sikudai waweke mita mbele yangu. Nilisikia "miaka mitano" nikalipa.

Wanachonipa sasa: niwaachie hii kwa 20,000, niongeze 170,000 nipewe "nyingine mpya". Kutoka baraza lile lile!

Kuna aliyewahi kupeleka jambo kama hili Tume ya Ushindani? Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, ila nataka kusikia kwa aliyepita njia hiyo, alianza na barua au alikwenda mwenyewe, na ilichukua muda gani. Waranti yangu inaisha tarehe 14 mwezi ujao, na nadhani wenzangu wananipiga kalenda mpaka ipite.

Picha ya pale palipokwaruzwa naweka hapo chini. Betri yenyewe iko kwenye buti, gari linatembea kwa betri ya kuazima kwa shemeji, na Jumatatu narudi pale barazani na fundi na mita yake.