Solar kwenye jengo la biashara Sinza: inalipa au naingizwa mjini?

Mzee_wa_Ghorofa
Wakuu habari za saa hizi. Nina kajengo ka ghorofa mbili hapa Sinza, chini minimaketi yangu (friza 3, friji za soda 4), juu wapangaji, saluni na ofisi. LUKU ya dukani inakula laki 7 kwa mwezi. Kuna jamaa kaja, kachungulia bati dakika kumi, kasema nifunge kilowati 20 na betri za lithium, bei aliyonitajia ilibidi nitafute kiti. Nitajuaje mwenyewe kama inalipa kabla sijatoa hela?

fundi_wa_jua
Mkuu dakika kumi hazitoshi hata kupanda ngazi. Laki 7 ukigawa kwa shilingi 356 ya uniti moja, halafu kwa siku 30, ni kama uniti 65 kwa siku. Kilowati 1 ya paneli hapa Dar weka uniti 4 kwa siku, mawingu na vumbi humo humo, kwahiyo 20 zitakupa 80, za ziada utampa nani? Fanya hivi, wiki nzima andika salio la LUKU saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, ujue mchana unakula ngapi na usiku ngapi. Za mchana paneli inakulisha moja kwa moja, za usiku mpaka betri, na betri ndo inamaliza hela.

Dada_Tabata
Nyie mnasahau wapangaji. Kama kila mtu ana LUKU yake we ukiwafungia solar unafuu wanapata wao, labda mkubaliane kwenye kodi. Halafu uliza inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa TANESCO) ni ya aina gani, ofisini kwetu walifunga bila betri, siku umeme umekata saa 6 mchana jua la kupasua kichwa tukabaki tunajipepea na mafaili, kumbe inveta ya kutegemea gridi ikikosa umeme wa TANESCO inajizima, isije ikampiga shoti fundi aliye kwenye nguzo. Hakuna aliyetuambia.

fundi_wa_jua
Kweli kabisa dada. Na hiyo inveta izuiwe kurudisha umeme nje kwenye nguzo, kuna mita za LUKU zikiona umeme unarudi zinahesabu kama umetumia, unakatwa uniti kwa jua lako mwenyewe 😂 Mkuu bati lina umri gani? Paneli inakaa miaka 20 na zaidi, usiiweke juu ya bati lililooza.

Mzee_wa_Ghorofa
Nimerudi wakuu. Wiki imeisha, wastani mchana 41, usiku 24. Bati la mwaka juzi halina shida. Ila nilipanda juu saa 9 alasiri, kivuli cha simtank kinalala katikati ya bati, tanki nitalihamisha. Na jirani upande wa kaskazini slebu yake ina nondo zimechomoza.

fundi_wa_jua
Kaskazini?? Mwezi wa 6 jua linapita huko huko. Akipandisha, kivuli kinalala kwako. Kabla hujanunua hata skrubu kamuulize anapandisha ghorofa ngapi.

Mzee_wa_Ghorofa
Nimetoka kwake saa hizi. Mbili zaidi, na tofali zimeshashushwa. Basi naanza na paneli 9 za wati 550 upande wa barabarani, mbali na kivuli chake, betri hapana kwanza, jamaa wa kilowati 20 kanipigia mara tatu leo sijapokea.