Naomba ushauri: uhuru wa makoloni 13 na swali la watumwa

Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni.

Nafundisha historia sekondari na nimekwama kwenye mapinduzi ya Marekani, pale makoloni 13 ya Uingereza yalipojitangazia uhuru. Upande wa kodi hauna shida: Sheria ya Stempu ya 1765, chai kumwagwa bandarini Boston 1773, kisha Azimio la Uhuru la Julai 1776 linalomshtaki Mfalme George wa Tatu. Vijana wanaelewa haraka. Nani anapenda kutozwa kodi na bunge ambalo hana mwakilishi?

Kazi iko kwenye maneno ya Azimio hilo kwamba watu wote wameumbwa sawa. Aliyeyaandika, Thomas Jefferson, alimiliki mamia ya watumwa maishani mwake. Rasimu yake ilikuwa na aya inayomlaumu mfalme kwa biashara ya watumwa, Kongresi, yaani baraza la wajumbe wa makoloni, ikaifuta. Tena Novemba 1775 gavana wa mfalme huko Virginia, Lord Dunmore, aliwaahidi uhuru watumwa wa waasi watakaopigana upande wa Uingereza. Mwanafunzi mmoja akaniuliza: basi kwa mtumwa, mkombozi alikuwa nani?

Nikaligawa darasa wafanye mdahalo. Upande mmoja ukaishia kumsifu mfalme, na hilo nalo halikubaliki, maana Uingereza yenyewe ilikuja kupiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807 tu, tena kwa kuvutana sana.

Walimu wenzangu, mngeanza na lipi, Azimio au tangazo la Dunmore? Na mwanafunzi akijibu kwamba yalikuwa mapinduzi ya wenye mali tu, mnasahihishaje?

Natanguliza shukrani.