Re: Laptopu ya mtumba imekwama Zoll (forodha ya Ujerumani)

Kijana wa Leipzig:
Shikamooni wakubwa. Nimenunua MacBook Air M1 ya mtumba kwa jamaa mmoja London, pauni 330, ya kutengenezea biti nyumbani, sasa mzigo upo Zoll wiki ya pili hii wananidai Rechnung, yaani ankara ya mauzo, na aliyeniuzia ni mtu binafsi, hana duka. Nina karatasi ya benki na meseji zetu basi. Wanapokea nini badala ya Rechnung? Naogopa wasije wakairudisha na hela keshakula.

Mama wa Bremen:
Pole mwanangu. Mimi mdogo wangu alinitumia simu toka Birmingham nikalipishwa, nililia siku hiyo. We sema ni zawadi.

Fundi Mitambo:
Mama usimponze mtoto. Zawadi mwisho yuro 45 na hii kainunua, akidanganya ni kesi. Uingereza imekuwa nje ya forodha ya Umoja wa Ulaya tangu Januari 2021, EUSt, ile kodi ya mauzo ya kuingiza bidhaa, asilimia 19 haikwepeki, na wanahesabu pamoja na nauli ya mzigo. Ushuru wa laptopu wenyewe ni sifuri, watu wanachanganya hapo. Ila mdogo wangu, M1 ya GB ngapi? Kama ni 8 ndo basi tena, RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, imeshikana na bodi, hata mafundi wa Kariakoo hawakuongezei. Ungechukua ThinkPad T480, ina nafasi mbili za RAM, yangu nimeweka 32.

Prodyuza Köln:
Fundi unasema nusu. T480 feni inavuma mpaka inaingia kwenye maiki, Air M1 haina feni kabisa. Mimi GB 8 nafanyia treki 40, ikilemewa nageuza treki kuwa odio, sauti iliyorekodiwa tayari, naendelea. Cha kumuuliza ni kama mwenye nayo ametoka iCloud, akaunti ya Apple inayofunga mashine. Mie niliuziwa stesheni, nawasha nyumbani inadai akaunti ya mwenyewe, napiga simu haipatikani, yuro 400 zimeenda na mashine ipo kabatini hadi leo.

Fundi Mitambo:
Treki 40 za ngoma na kelele sawa, weka sampuli za fidla na kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarabu, uone GB 8 inavyojaa. Na anayetaka PC aanzie Intel kizazi cha 8 ili ikubali Windows 11, maana Windows 10 imeachwa tangu Oktoba 2025.

Mama wa Bremen:
Umetaja kanuni nimekumbuka Unguja, harusi za kwetu, wanangu hawa hawazijui. Unatengeneza taarabu mwanangu?

Kijana wa Leipzig:
Singeli mama. Nimekulia Mburahati, studio ilikuwa nyuma ya kwetu, kompyuta ya mezani kava limevuliwa inapulizwa na feni la chumbani, biti inatoka usiku huohuo kesho yake ipo kwenye bodaboda. Huku saa nne usiku jirani anagonga ukuta.

Mzee Dortmund:
Nyumbani nako kodi tu. Kompyuta ya msanii ni jembe lake, serikali zetu zilitakiwa zilione hilo.

Fundi Mitambo:
Mzee siasa tulikubaliana tusilete hapa.

Kijana wa Leipzig:
iCloud ametoka, kanitumia video. Barua inasema mwisho Ijumaa. Karatasi ya benki wataipokea?

Prodyuza Köln:
Ikifika tu nistue, nina headifoni ya ziada, nakutumia.