Tupeane uzoefu: unaediti picha kwa kompyuta gani, na inakufaa?

Kamera Mkononi

Wakuu, habari za saa hizi. Haipiti wiki bila kijana kunifuata PM: "broo nina milioni na nusu, nichukue laptopu gani ya kuediti picha kwa Lightroom?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, na isitoshe majibu yangu ni ya mtu mmoja tu anayepiga harusi na send-off hapa Dar. Tumwage uzoefu hapa. Sema unapiga picha za nini, unatumia mashine gani, kipi kimekusaidia na kipi ni mbwembwe. Wenye maduka naomba mkae pembeni kidogo, huu si uzi wa matangazo.

Naanza mimi. Natumia ThinkPad T480 ya mtumba, Kariakoo hiyo, prosesa i5 kizazi cha nane. Watu wananicheka kwa hiyo i5. Stika ya "i7" pale Kariakoo inauza laptopu kuliko kitu kingine chochote, mtu haulizi hata ni i7 ya mwaka gani. Sasa sikia: i7-7500U ina koa (viini vya kufanyia kazi) mbili, na i5-8250U iliyokuja nyuma yake ina koa nne. Siku unatoa picha mia nane za harusi kutoka RAW (faili ghafi la kamera) kwenda JPEG ndipo utajua nani mkubwa. Kwa hiyo uliza kizazi. Chini ya cha nane mimi siigusi, maana Windows 11 yenyewe kirasmi haiipokei, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025.

Nilichoipendea T480 ni nafasi mbili za RAM. Ilikuja na GB 8, nikachomeka ya 16 juu yake, jumla 24. Angalieni herufi, kuna T480s yenye "s" mwishoni, hiyo ni nyembamba na sehemu ya RAM yake imechomelewa kwenye ubao. X1 Carbon ndiyo kabisa, RAM uliyonunua nayo ndiyo utakayozikwa nayo.

Halafu SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka. Harusi moja kwangu ni RAW kama 2,000, kila faili MB 28 hivi, piga hesabu: GB 56 kabla hujafungua hata moja. Diski ya kizamani ya kuzunguka (hadi diski) inasoma MB 100 na ushee kwa sekunde, SSD ya SATA MB 500 na ushee, SSD ya NVMe inaziacha zote mbali. Katalogi ya Lightroom na previews zikae kwenye SSD ya ndani, RAW zenyewe hata zikilala diski ya nje hakuna ubaya. Nikirudi ukumbini naingiza kadi, naagiza Smart Preview (nakala nyepesi za picha) zijitengeneze, nalala. Asubuhi nachagua picha bila kusubiri kaduara kazunguke.

Kioo: nimeunga monita ya nje, IPS (aina isiyogeuza rangi ukitazama ubavuni), inchi 24. Nyie endeleeni.

Jicho la Kipanga

Naweka kambi hapa. Mkuu hiyo ya koa mbili imenigusa, jana tu nilitaka kulipia i7 ya kizazi cha sita.

Binti wa Chuda

Kaka Kamera, kwenye kioo umepita mbio, na ndiko kazi inakoharibikia. Mie nina studio Tanga: passport, mahafali, kipaimara, maulidi, chochote kinacholeta mtu mlangoni.

Kuna jirani yangu wa kazi alikuwa hapatani na lab ya kuchapa picha. Kila akipeleka picha zinarudi nyeusi. Mzazi mmoja alishika picha ya mahafali ya bintiye akauliza, "Huyu mmempaka masizi?" Jirani akahama lab, ya pili nayo ikawa vilevile. Siku moja nikaenda kukaa kwenye kiti chake. Laptopu iko karibu na mlango, jua la mchana linampiga usoni, naye mwangaza wa kioo kaupandisha hadi mwisho ili aone. Kwenye kioo hicho uso wa mtoto unang'aa, basi yeye anashusha kidogo picha isizidi. Karatasi haina taa ndani yake, ikifika kwa mteja inaonekana ile giza aliyoiweka mwenyewe bila kujua. Na ngozi zetu ndizo zinazoumia kwanza. Ngozi ya maji ya kunde ikishushwa nusu stopu (kipimo cha mwanga) tu inapoteza ule mng'ao wa paji la uso na mashavu.

Dawa haikuwa kununua kitu. Tuligeuza meza ili mlango uwe ubavuni, tukazima ile taa ya usiku ya Windows inayofanya kioo kiwe cha manjano, tukachukua picha moja nzuri iliyochapwa na lab tukaisimamisha pembeni ya kioo, faili lake limefunguliwa, tukashusha mwangaza polepole mpaka vikafanana. Ulitua chini ya nusu. Kwa wenye kipimo, mwangaza wa kazi ya kuchapa huwekwa kama kandela 100 hadi 120 kwa mita ya mraba, na laptopu nyingi zikipandishwa mwisho zinapita mbali hapo.

Baadaye tulichanga watu wanne wa studio tukanunua kipima rangi kimoja, Spyder, kinazunguka kila mwezi. Kununua peke yako naona ghali kwa kazi zetu, kwa kuchanga inalipa. Na jamani, kama lab yenu ni ya kawaida pelekeni faili la sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida. Adobe RGB, mfumo mpana zaidi, mwenye mashine akiisoma kama sRGB, picha inarudi imepauka kama kanga iliyofuliwa na jiki.

Ukisoma maelezo ya kioo ukakuta "45% NTSC", hicho kinaonyesha kama theluthi mbili tu ya rangi za sRGB. Kwa hesabu za dukani kinafaa, gauni jekundu la bibi harusi hakiliwezi. Tafuta kilichoandikwa 100% sRGB, au fanya kama kaka Kamera, ununue monita ya nje.

Mtu wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Dada wa Tanga kasema kweli tupu. Mimi naongeza mambo ya kuchunguza ukiwa bado dukani, pesa ziko mfukoni. Huku kwetu mashine nyingi ni ex-UK, nyingine zatoka Dubai, nyingine Ujerumani.

Nina flashi ambayo huenda nayo kila mara. Ndani mna picha moja niliyopiga arusi ya Kiislamu Old Town: bwana harusi kanzu nyeupe, mamake bui-bui jeusi, wamesimama pamoja kivulini. Naifungua kioo kizima. Nikiona mikunjo ya kanzu na mikunjo ya bui-bui vyote viwili, kioo hicho chafaa. Bui-bui likiwa donge moja jeusi, naaga. Kisha nasimama ubavuni kuangalia rangi kama zageuka. Panapo TN, aina ya kioo cha bei rahisi, zageuka mara moja. Na kuna laptopu za maofisini zenye kioo cha faragha, kilichoundwa makusudi jirani asisome kazi yako. Hata ukikaa katikati, pembe mbili za picha zaonekana hafifu. Kwa karani ni neema, kwa mwenye kuediti ni balaa.

La pili ni kibodi. Za Ujerumani zina Z na Y zilizobadilishana mahali, na vile vibano vya mraba vya kukuza na kupunguza brashi ya Photoshop haviko peke yao, mpaka ushike AltGr. Muuzaji atakwambia badilisha lugha kwenye Windows, na ni kweli itafanya kazi, ila utakuwa wabofya kisichoandikwa. Kama wajua kupiga bila kutazama, chukua, mara nyingi watapunguza bei. Za Dubai zenye Kiarabu na Kiingereza pamoja hazina tatizo.

La tatu, izime uiwashe uingie BIOS, mipangilio ya mashine kabla ya Windows. Ikidai nenosiri, irudishe rafuni. Mwenye duka akisema "fundi atatoa", mwambie aitoe kwanza, utarudi.

Tunda Lililoumwa

Mmeanza uzi wa watu wa Windows, nami niseme la kwetu. MacBook Air M1, ile ya mwishoni mwa 2020, RAM 8, diski 256. Napiga bidhaa na vyakula vya mahoteli, picha chache, retachi (kusafisha picha) nyingi. Kioo kilichokuja nayo kinatosha, haina feni kwa hiyo haipigi kelele, betri inamaliza kikao kizima umeme ukiwa umekatika. GB 8 inatosha mpaka ufungue Photoshop yenye leya thelathini, Lightroom na Chrome kwa pamoja, hapo inaanza kukopa nafasi ya diski. Nikifanya retachi nafunga Chrome, basi. Anayepiga harusi aitafute ya 16, maana humo hakuna cha kuongeza baadaye.

Ukinunua Mac ya mtumba, usikubali kuonyeshwa tu desktop nzuri. Ifutwe mbele yako, iwashwe upya ikiwa imeunganishwa na intaneti. Ikiomba Apple ID ya mtu usiyemjua, au ikasema inasimamiwa na kampuni fulani, ondoka. Hiyo inaweza kukaa kimya miezi, siku utakayoifuta ndipo mwenyewe anajitokeza.

Kamera Mkononi

Mkuu Tunda, na hiyo 256 unaishije?

Tunda Lililoumwa

SSD ya nje ya tera moja, imebandikwa velcro nyuma ya kioo. Kazi ikilipwa naihamishia kwenye hadi diski mbili, moja inakaa kwa dada yangu Kimara.

Fundi Makoroboi

Hizo hadi diski mzipime kabla hamjazipa picha za watu. Kuna flashi na diski za nje zinazojitangaza tera mbili kwa bei ya chakula cha mchana, ndani mna chipu ya GB 32 imepangwa idanganye. Zinapokea faili zote, majina unayaona, ukifungua hamna picha. H2testw ni bure, inaijaza diski kisha inasoma ilichoandika, uongo unajulikana hapo. CrystalDiskInfo nayo ni bure, inakwambia afya ya diski iliyotumika.

Tukirudi kwenye mada, mimi ni mtu wa desktop na sibadiliki. Mwanza hapa natumia HP Z440 iliyotoka ofisini, prosesa ya Xeon, RAM 32 za seva (ECC RDIMM) ambazo za mtumba ni rahisi kwa sababu kompyuta za kawaida hazizipokei. Nikaweka kadi ya grafiki ya GB 8. Kadi hiyo kwa Lightroom ya zamani ilikuwa kama pambo. Tangu ilipokuja Denoise ya AI, ya kuondoa chengachenga kwenye picha, Aprili 2023, mambo yamebadilika. Picha ya ukumbi yenye giza ISO 6400, bila kadi ni dakika kadhaa kwa kila moja, ukiwa na kadi ni sekunde. Kama unapiga mchana nje, pesa ya kadi ipeleke kwenye monita.

Umeme ndio adui wa desktop. UPS (betri ya akiba) ya VA 650 sio ya kufanyia kazi gizani, ni ya kukupa dakika chache usevu kazi na uzime kistaarabu. Anayekwambia itakupa saa nzima anauza. Na printa ya leza usiichomeke kwenye UPS, inavuta mzigo mkubwa ghafla ikipasha moto.

Kijana wa Darajani

Ahsanteni nyote. Mimi Unguja, napiga wageni ufukweni, retachi ya ngozi kila siku. Kitu kilichonipunguzia kazi kuliko mashine ni kalamu, Wacom Intuos ndogo. Dodge na burn (kung'arisha na kutia giza sehemu ndogo za picha) kwa mausi ni mkono kuuma bure. Wiki ya mwanzo utaichukia, mkono unakwenda huku mshale kule, usiirudishe dukani. Huion na XP-Pen nazo watu wanazitumia, ni nafuu zaidi. Ncha za kalamu zinaisha, kwa hiyo uliza za akiba kabla hujalipa.

Nami nina swali. Kadi rida (kisoma kadi ya kamera), nichukue ya UHS-II, ile ya kasi zaidi, au ni mbwembwe?

Kamera Mkononi

Mdogo wangu, geuza kadi yako uitazame mgongoni. Ikiwa na mistari miwili ya pini ni UHS-II, chukua rida ya UHS-II na uichomeke tundu la USB 3. Ukiona mstari mmoja ni UHS-I, ya kawaida ya USB 3 inatosha, hela ya ziada nunua kadi ya pili.