Waliopiga leza madoa ya mwilini, tupeane uzoefu

BintiKihesa: Kamweneni. Kwaya yetu imeshona sketi mpya za kuishia magotini, na miguu yangu imejaa madoa ya upele wa bweni tangu kidato cha pili. Juzi mazoezini dada mmoja wa sauti ya pili kaniuliza mbele za watu, "Kwani wewe uling'atwa na nini?" Nimelala na hilo swali. Nasikia leza inafuta. Mliofanya, hata kama ni Dar, semeni: inauma? Yanarudi? Habari za kujikubali msiniletee, nilishajikubali, sasa nataka kuvaa sketi.

Chumba_Namba_6: Upele wa bweni! Tulipakwa BBE, ile dawa ya upele, foleni nzima, matroni ameshika brashi ya kupakia rangi. Harufu nimeisikia hapa nilipo.

MkingaHalisi: Makete huku. Mama yangu miundi yote ilikuwa na michoro ya kahawia kama wavu wa kuvulia samaki, akadhani ni uzee. Daktari alipoiona tu akamuuliza, "Mama, jiko la mkaa huwa unaliweka wapi?" Kumbe kila kipupwe analikumbatia katikati ya miguu, miaka na miaka. Akaambiwa alisogeze kwanza, mengine baadaye. Lile jiko kaligombania kuliko shamba. Leza haikutajwa hata.

BintiKihesa: Pole kwa mama, ila mimi wangu ni upele.

Lulu_wa_Kabwe: Nilijiapiza sitasema, ila hiyo sketi imenitonesha. Ilikuwa wiki tatu kabla ya sendofu yangu. Mgongo una madoa ya chunusi, na gauni limeshakatwa mgongo wazi. Shoga yangu akanipeleka kwa dada mwenye mashine (sisemi wapi, msije faragha kuniuliza). Chumba cha nyuma ya saluni, kitanda cha masaji, akanipaka jeli ya baridi kama ile ya kupimia mimba. Miwani kavaa yeye, mimi kanifunika macho kwa kitambaa. Hakuuliza natumia dawa gani, hakujaribu hata kipande kidogo kwanza. Pigo la kwanza kama kuchapwa na raba ya kufungia hela. Yalipofika kama kumi nikasikia harufu ya nywele zilizoungua. Nikamwambia dada, naungua. Akasema, "Ndiyo inafanya kazi hiyo." Nikanyamaza, maana laki na nusu nilishatoa!

Usiku nililala kifudifudi. Asubuhi mama anavuta shuka, imenata. Akapiga yowe mpaka jirani akaja. Mgongo mzima vipande vya mstatili, kila pigo limeacha chapa yake, vimejipanga kama vigae vya choo. Yakawa malengelenge, yakapasuka, na palipopona pakawa peusi kuliko madoa niliyoendea. Daktari wa ngozi akaniambia ile hata leza haikuwa, ni mashine ya mwanga ya kuondolea vinyweleo, na nguvu yake iliwekwa ya ngozi ya Mzungu. Weusi wangu ndio uliunyonya ule moto wote.

Sendofu ikafika. Fundi wa Mwanjelwa akaziba mgongo kwa lesi, usiku mmoja tu. Emsii anatangaza eti bibi harusi kaja na mtindo mpya, watu makofi. Mimi chini ya lesi nimejaa mafuta ya mgando, na kila anayekuja kunikumbatia namuwahi mikono kabla hajafika.

Chumba_Namba_6: Vigae vya choo jamani.

Ndizi_Tukuyu: Tuone hiyo lesi.

MzeeNdimu: Hela zenu mnazitafutia pa kuzitupa. Limau na magadi, asubuhi na jioni, wiki mbili. Mke wangu shahidi.

NesiWaZamu: Mzee, usiue watu. Limau kwenye ngozi halafu ukatoka juani, unababuka na kubaki na doa jipya.

MzeeNdimu: Mbeya kuna jua gani? Kuna baridi tu.

NesiWaZamu: Baridi ni ya hewa. Mji uko mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo miale inavyozidi kuchoma. Mkulima wa Uyole akivua kofia utaona mpaka wake kwenye paji la uso.

Ndizi_Tukuyu: Sisi huku ni mvua tu, mafuta ya kukinga jua nipake ya nini? Nipake mwavuli?

NesiWaZamu: Paka, miale inapita mawingu. BintiKihesa, kabla ya leza, umeshapaka nini humo miguuni?

BintiKihesa: Mmh. Ile tyubu ya betamethasoni, miezi minne. Na losheni moja ya Tunduma.

NesiWaZamu: Nilijua. Ile tyubu inakondesha ngozi. Losheni zisizoeleweka nyingi zina haidrokwinoni au zebaki, na kwenye vipodozi vyote viwili ni marufuku nchini. Onana na daktari wa ngozi kwanza, maana ngozi iliyochokozwa hivyo hailengwi leza. Ukifika huko uliza kama wana leza ya nanomita 1064 (ni urefu wa wimbi la mwanga wake), ndiyo yenye usalama zaidi kwa weusi wetu, inapita chini bila kuunguza sana juu. Wajaribu kipande kidogo, usubiri wiki kadhaa. Wakikataa kujaribu, chukua mkoba wako.

Bodaboda_Njombe: Mimi ilikuwa shingo, nyeusi na nene kama mkanda. Nimesugua na dodoki mpaka damu. Nikaenda Dar kwa leza, daktari akaacha shingo akanitoboa kidole. Sukari ilikuwa juu. Nimepunguza soda na kitambi, shingo imeanza kufunguka yenyewe.

MzeeNdimu: Kwa hiyo sasa leza ni soda?

Mama_wa_Ipogolo: Mimi nilifanya Dar, mapaja, vikao sita, kila baada ya mwezi. Yalififia, hayakuisha. Nikaacha kujikinga na jua, mawili yakarudi. Sijutii, ila nauli ya basi nayo ilikuwa kikao kingine.

BintiKihesa: Mmenichanganya. Lulu, huyo fundi wa lesi anashona na soksi ndefu?

Lulu_wa_Kabwe: Anashona chochote. Ukitaka Jumapili, mwambie ni ya Alhamisi.