Miwaridi yangu ya Tanga inapukutisha majani: niing'oe?

Mama wa Chumbageni

Assalaam alaykum, wapenzi wa bustani. Mwaka jana niliteremka na miche mitatu ya miwaridi kutoka Lushoto, nikaipanda kando ya ukuta wa nyumba hapa Chumbageni, ikachanua vizuri mpaka masika yalipoingia. Tangu hapo majani ya chini yametoka madoa meusi ambayo kingo zake zimechanikachanika kama unyoya, yanageuka manjano kulizunguka doa, kisha yanadondoka nikiyagusa tu kwa ncha ya kidole. Majani machanga ya juu nayo ni manjano, ilhali mishipa yake imebaki kijani. Hunyweshea kila jioni kwa mpira, nikiyalowesha majani yote ili vumbi litoke. Nilikusudia waridi zake niziunge na asumini katika vikuba, vile vishada vya maua ya kuvaa, vya harusi ya binti yangu, ndiyo maana roho inaniuma.

Babu wa Kitalu

Waalaykum salaam, mwanangu. Usiing'oe. Hayo madoa ni ugonjwa wa doa jeusi, unaoletwa na ukungu uitwao Diplocarpon rosae, na vijimbegu vyake huota pale jani linapokaa limelowa kwa muda wa saa 7 hivi. Ukinyweshea jioni, katika joto na unyevu huu wetu wa pwani, jani linalala na maji usiku kucha, nawe unakuwa umeulea ugonjwa kwa mkono wako bila kujua. Nyweshea asubuhi, mdomo wa mpira ukiwa chini penye shina. Okota kila jani lililoanguka ulichome, wala usilitie kwenye mboji. Dawa ya ukungu yenye shaba itayakinga majani mapya, lakini jani lililokwisha kupata doa haliponi.

Mwalimu wa Pongwe

Shikamoo, Babu. Uliyosema ni sahihi, ila umanjano wa majani machanga ni jambo jingine kabisa. Jani linalopauka huku mishipa ikibaki kijani linalilia madini ya chuma. Sehemu kubwa ya ardhi yetu imekaa juu ya mwamba wa chokaa, ule ule uliofanya mapango ya Amboni, na kando ya ukuta huongezeka mabaki ya saruji na lipu. Mwaridi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, yaani kipimo cha uchachu (pH) cha 6 hadi 6.5; chokaa ikizidi, chuma kimo udongoni lakini mizizi haiwezi kukinyonya. Dada yangu, je, maji yako ni ya kisima? Na kuna majivu unayotia?

Mama wa Chumbageni

Ni ya kisima, Mwalimu, na majivu ya jikoni natia kila Ijumaa, kwa kuwa niliambiwa ni mbolea.

Mwalimu wa Pongwe

Majivu ni mbolea kwa udongo wenye uchachu. Kwa wako yanazidisha tatizo, tafadhali acha leo. Maji ya visima vya kwenye mwamba huu nayo huwa na chokaa, kwa hiyo kinga maji ya mvua kwenye pipa. Kipupwe kikiingia, ihamishie mahali panapopata jua kwa saa 6 na upepo unapopita, katika mashimo yenye upana na kina cha sentimeta 60, yaliyojazwa udongo mwekundu usio na chokaa pamoja na samadi ya ng'ombe iliyooza barabara. Wakati ukisubiri, nyunyiza mbolea ya maji yenye chuma.

Babu wa Kitalu

Siku hiyo hiyo ya kuhamisha ndiyo ya kupogoa, si sasa, maana kidonda kilichokatwa mvuani huingiwa na ugonjwa. Kata kwa mkasi mkali, mshazari, nusu sentimeta juu ya jicho, pale tawi linapochipulia, linalotazama nje, ili tawi jipya lisirudi katikati ya kichaka. Tangu kupogoa hadi maua ni kama wiki 6 hadi 8, na mti uliohamishwa unaweza kuchelewa zaidi. Hesabu kutoka siku ya harusi ukirudi nyuma. Na mti mmoja, mwanangu, usiutie dawa hata tone, uchume huo kwa ajili ya vikuba, kwa sababu kikuba hukaa mwilini mwa bibi harusi.