Krimu ya kuondoa nywele usoni kwa sisi wenye ngozi nyeti: tupeane uzoefu

Mleta uzi
Habari za humu wakuu. Leo tuongee bila aibu. Mimi ni mwanamke na nina masharubu. Siyo malaika wale wa kila mtu, haya ukipiga picha ya karibu unayaona. Na ngozi yangu ni ile inayoudhika upesi, nikibadilisha sabuni tu vipele hivi hapa.

Nilikuwa na krimu ya kunyolea miguu na kwapa, nikaona nywele ni nywele. Nikapaka juu ya mdomo. Dakika ya tatu pakaanza kuchonyota, nikajiambia eeh, ndiyo inafanya kazi. Mara simu ikaita. Kurudi kwenye kioo, dakika kumi na mbili zimeshapita. Nikafuta kwa kitambaa chenye maji: nywele zimetoka zote, na ngozi ya juu imetoka nazo, panang'aa kama nyanya iliyomenywa kwa maji ya moto. Siku tatu sikuweza kucheka. Pakafanya gamba, gamba likabanduka, likaacha doa jeusi lenye umbo lile lile la masharubu.

Nywele zilirudi baada ya wiki moja hivi. Doa lilikaa miezi mitano. Kwa hiyo kuna kipindi nilikuwa na masharubu mawili.

Nani anatumia usoni na haimdhuru, anafanyaje? Walioungua nao waseme. Tusiuziane bidhaa humu tafadhali.

Mkemia Mstaafu
Pole sana binti. Kuchonyota siyo kazi kufanyika, ni ngozi inaomba msaada.

Unywele ni keratini (protini ngumu), na tabaka la juu la ngozi yako nalo ni keratini. Dawa iliyomo kwenye nyingi ya hizi krimu ni chumvi za asidi ya thioglikoliki. Inakata vifungo vya salfa vinavyoushika unywele mpaka unakuwa kama uji (ndiyo ile harufu ya mayai viza), na ili ikate sawasawa wanaitia kwenye alkali kali, pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 11 mpaka 12. Ngozi yenyewe inapenda asidi kidogo, karibu na 5. Krimu haina macho ya kujua huu unywele, hii ngozi. Kinachokuokoa ni kwamba unywele unalegea mapema kuliko ngozi, basi. Ukizidisha muda, umeipa ruhusa ianze na ngozi. Na ya miguu isipande usoni kabisa, ngozi ya hapo juu ya mdomo ni nyembamba.

Kipepeo
Natumia mwaka wa sita huu na ngozi yangu ni ya kulia-lia pia. Siri ni uoga.

Boksi jipya, hata kama ni krimu ile ile ya siku zote, napima kwanza. Tone dogo chini ya taya, muda ule ule ulioandikwa, nanawa, nasubiri saa 24. Sipaki nikitoka kuoga maji ya moto. Ukingo wa mdomo na kona za pua nazikinga kwa mafuta mazito ya mgando. Halafu natega saa ya simu dakika nne, na simu yenyewe naiweka isiite (samahani mleta uzi, nimecheka kidogo). Ikilia nakwangua kona moja kwa kile kijiko cha plastiki. Nywele zikija, natoa yote. Zisipokuja naongeza dakika moja, na hata iweje sivuki ule muda wa mwisho ulioandikwa kwenye boksi. Pakianza kuchoma kabla ya hapo natoa, hata nusu ya masharubu ikibaki. Nimeshalala na nusu mara mbili, sikufa.

Naosha kwa maji yasiyo moto, bila sabuni, sisugui, napapasa tu na taulo. Nafanya usiku ili nisitoke juani. Hakuna manukato wala skrabu mpaka kesho yake.

Usiku Mrefu
Mimi krimu ya nywele haikuwa na kosa. Niliitumia miaka miwili, ngozi ile ile, dakika zile zile. Siku moja kidevu kikatoka malengelenge. Daktari wa ngozi aliniuliza swali moja tu: "Usiku unapaka nini?" Nilikuwa nimeanza dawa ya chunusi yenye tretinoini. Ile inaharakisha ngozi kujibandua, kumbe nilikuwa napaka alkali kwenye ngozi isiyo na ngao. Wenye retinoli (ndugu yake tretinoini) na asidi za kung'arisha uso, mmesikia.

Ndevu Chuki
Wanaume tupo. Nywele zangu zimejikunja sana, nikinyoa kwa wembe ncha inarudi ndani ya ngozi, shingo nzima vipele vyenye usaha. Nikahamia poda ya kuchanganya na maji, ile ya salfidi ya bariamu. Vipele vilipungua kweli, maana ncha inabaki butu. Ila nilipojifanya mjanja nikaitumia siku mbili mfululizo, shingo ilibabuka nikawa siwezi kufunga kifungo cha shati. Sasa ni mara moja kwa wiki.

Msomaji Kimya
Dada zangu, wembe mnauogopea nini? Uso wangu ni wembe tu.

Kipepeo
Si unafanya nywele ziwe nene?

Msomaji Kimya
Haufanyi. Umekata katikati, ncha imekuwa bapa, ndiyo maana ukigusa unahisi ni ngumu. Unene ni ule ule.

Hedhi Kigeugeu
Naomba niseme kwa wale ambao nywele zimekuja ghafla. Zangu zilianza kidevuni nikiwa na miaka 26, nene, nyeusi, na hedhi ikawa inaruka miezi. Nilipambana na krimu miaka miwili, kidevu kikawa cheusi kuliko shavu, kabla sijapima homoni. Ikaonekana ni tatizo la homoni na ovari, lile wanaloita PCOS. Nikapewa dawa za ndani, na ya kupaka iitwayo eflonithini. Hii haitoi nywele, inazichelewesha kuota, na ukiacha zinarudi. (Cha kushangaza, dawa hiyo hiyo hutibu malale!) Nikaona mabadiliko baada ya wiki saba hivi.

Mleta uzi
Asanteni jamani. Nilirudi na krimu ya uso safari hii, nikapima chini ya taya kama alivyosema Kipepeo. Asubuhi safi. Nikaanza kufurahi. Saa 24 hazijatimia, pakavimba kidogo na panauma nikigusa. Boksi liko kwenye taka.

Sasa nafikiria kunyolewa kwa uzi. Hapo juu ya mdomo panauma sana?

Usiku Mrefu
Chozi moja tu. La jicho la upande unaonyolewa.